Paa Linalovua Ngozi

Kuna wakati niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba paa la vigae vya lami huvua ngozi kama nyoka. Nilielezwa hivi: jua likishalipiga miaka miwili mitatu, paa huanza kutoa changarawe. Changarawe hiyo inateremka na mvua hadi kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, na mtu asiyejua anadhani nyumba yake inaharibika. Kumbe paa linabadilisha ngozi. Ile ya juu ikimalizika, inatokea nyingine chini, nyeusi tititi, changa, imara mara mbili. Ukiona linachelewa kuvua, unalisaidia.

Aliyeniambia alikuwa msukuma mkokoteni aliyebeba mizigo ya duka letu. Alidai amewahi kufanya kazi Nairobi, mtaa wa matajiri, ambako mapaa huvua ngozi kila baada ya uchaguzi. Sikumcheka. Mimi nilikuwa na C ya Biolojia, tena ya shule ya usiku, ambayo kwa uzito ni sawa na A ya mchana, kwa sababu sisi tulisoma na mbu darasani na mbu walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Nyoka nilikuwa nimewasoma. Nikaona jambo lenyewe linaingia akilini.

Nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, duka la familia ya Kihindi ambalo mwenyewe alirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Mzee alipoleta vigae vya lami kwa mara ya kwanza, karatasi ya maelezo ilikuja kwa Kiingereza, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikapewa mimi niisome, kwa kuwa cheti changu kilikuwa bado kinanukia wino. Nilisoma ukurasa wa kwanza, ule wenye picha. Zile kurasa nyingine kumi na moja niliziheshimu tu.

Kwa asiyevijua, kigae cha lami ni kipande cha lami kilichotandazwa kama chapati kisha kikamwagiwa changarawe ya rangi juu. Ukikipapasa kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Vinapigiliwa juu ya mbao za plaiwudi, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya samaki ngege, na nyumba ikishaezekwa hivyo inapendeza mpaka majirani wanaanza kukusalimia kwa Kiingereza. Tena haipigi kelele. Mvua ya mawe inaweza kunyesha juu yako na wewe umelala.

Hiyo ya kutopiga kelele ndiyo iliyonipeleka pabaya.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumeishi Manyatta, mtaa wa palepale Kisumu, miaka sita bila mimi kupeleka ng'ombe wa mahari kwao. Kwao ni karibu na Katito, huko tambarare inakoanza kuinuka kuelekea milimani. Siku niliyokwenda na wazee wangu kuzungumza, baba mdogo wa mke wangu, mtu mwenye sauti ya kengele ya kanisa, alitaja ng'ombe wengi hivi kwamba niliona vumbi lao. Wazee wangu wakaanza kukohoa. Ndipo neno likaja kutoka jikoni, kwa mama mkwe wangu mwenyewe. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu. Alisema hataki ng'ombe. Watachungwa na nani? Yeye anataka paa.

Alikuwa amefundisha zaidi ya miaka thelathini chini ya mabati. Mwalimu yeyote wa kwetu analijua jambo hilo: mvua ikianza, somo limekufa. Unabaki umesimama na chaki mkononi, watoto wanakutazama mdomo, na ukipaza sauti utapasua koo bure. Alisema anataka kuzeekea katika nyumba ambayo mvua itanyesha na yeye anasikia redio yake.

Baba mdogo alinigeukia. "Umesikia, mkwe? Paa ndilo ng'ombe. Likisimama, umeoa. Likivuja, ng'ombe wako wamekufa njiani, na mtu ambaye ng'ombe wake wamekufa njiani anarudi kutafuta wengine."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza.

Sasa, kwetu mkwe hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe wake. Hata kama inaungua moto, utapitisha ndoo kwa wengine ukiwa chini. Wala chumba chake cha kulala hukikanyagi. Kwa hiyo paa ambalo ndilo lililokuwa ndoa yangu nililisimamia nikiwa kwenye ua wa minyaa, hatua arobaini, nimekunja shingo kama kuku anayetazama mwewe. Juu alikuwa fundi niliyemtoa Manyatta, bingwa wa mabati, mtu ambaye angeweza kuezeka mabati akiwa amefumba macho. Vigae vya lami alikuwa hajawahi kuvigusa.

"Misumari mingapi kwa kimoja?" aliniuliza kutoka juu.

"Picha inaonyesha minne," nikasema, "lakini wewe ni fundi."

"Miwili inatosha, omera, ndugu yangu. Hii kitu ni kama karatasi. Kwani inaenda wapi?"

Ikawa miwili. Nikaongeza ujuzi wangu mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na matatizo ya popo, popo wa kutosha kubeba mtu wakishirikiana. Nikaamuru matundu yote ya hewa chini ya paa yazibwe kwa saruji. Yakazibwa vizuri sana. Mama mkwe akashukuru, kwa kuwa popo walihama siku ileile, wakaenda kwa mchungaji.

Mvua ya kwanza ilipokuja alinipigia simu. Mama mkwe kukupigia simu mwenyewe si jambo dogo. Nilisimama wima dukani kana kwamba ananiona.

"Baba," aliniambia, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, "mvua inanyesha huku na mimi nasikia taarifa ya habari. Neno kwa neno."

Nilizunguka Manyatta nzima nikilisema hilo. Kwa watu wengine nilisema anasikia hadi pumzi ya msomaji.

Mwaka wa pili changarawe ikaanza. Mke wangu alikwenda kumsalimia mama yake akarudi na chupa ya maji ya tangi, maji ya kutoka kwenye gata. Aliiweka mezani. Ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na mchanga mwekundu, kimo cha kidole.

"Mama anatafuna chai," alisema. "Nini hii?"

Ndipo nilipomwendea yule msukuma mkokoteni, nikasomeshwa habari za nyoka. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Nilimwambia mke wangu atulie, paa la mama linakua. Nikampigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwendesha boda boda pale Katito, mtu mzima mwenye mikono kama majembe na asiyeuliza maswali mengi. Yeye ni mtoto wa nyumba, si mkwe kama mimi, na baba yao mdogo alikuwa amempa ruhusa ya kupanda.

"Ora," nikamwambia, maana ndivyo mashemeji wa kwetu wanavyoitana, "chukua brashi ngumu, ile ya kusugulia sakafu. Kila Jumamosi panda ulisaidie paa. Sugua mpaka uone weusi."

"Weusi?"

"Weusi ndio ngozi mpya."

Alisugua. Nasema alisugua! Jumamosi ya tano alinitumia picha, na kweli upande wa chumba cha mama ulikuwa umeanza kung'aa mweusi. Niliionyesha picha hiyo kwa wateja wawili.

Kisha ikaja mvua ya masika, na mvua hiyo haikuja na mchezo.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mke wangu, aliyekuwa amekwenda huko kwa mazishi ya jirani. Linavuja, alisema. Tone moja, juu ya kabati. Nikamwambia ngozi mpya bado haijakauka. Siku tatu baadaye yakawa matone manne. Baada ya wiki, karai, sufuria mbili na lile beseni la kuogea, vyote chumbani. Dari ilianza kutunga tumbo. Mama mkwe alisogeza kitanda ukutani, akakisogeza tena mlangoni, halafu hakukuwa na mahali pa kukisogeza.

"Siji Manyatta," mke wangu aliniambia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Siwezi kulala pakavu na mama yangu anabadilisha karai. Nitarudi siku atakayolala bila beseni."

Ndipo nikajua mtu anaweza kuishi chini ya paa zima na akalowa. Chumba changu cha Manyatta kilikuwa cha mabati ya kawaida, yamechoka, yana kutu, na hayakuvuja hata tone. Mawingu yakijikusanya upande wa Nyakach, kule kwa mama mkwe, kwangu kukiwa na jua kali, mimi nilikuwa tayari natetemeka. Wateja walikuwa wakiniuliza bei ya misumari na mimi natazama nje ya mlango, kule angani. Nilianza kuichukia taarifa ya hali ya hewa kama mtu anavyomchukia mdai.

Nilijaribu kila kitu ambacho mtu anaweza kujaribu bila kupanda na bila kuingia. Nilisimama tena kwenye ua wa minyaa. Shemeji alikuwa ndani akitazama dari, anapaza sauti: "Hapa juu ya mto linadondoka!" Mimi nje napiga hesabu ya mto uko wapi, katika chumba ambacho sijawahi kukiona. Alinichorea ramani ya chumba juu ya boksi la sabuni. Kwa ramani hiyo nilimwelekeza ajaze lami ya kopo mahali fulani. Akajaza. Mvua iliyofuata ikahamia mahali pengine. Tukaweka turubai. Upepo wa kuelekea ziwani ulilichukua turubai hilo saa kumi jioni, na mpaka leo naamini liko Uganda linatumika.

Shemeji aliniambia jambo lingine siku hiyo, akiwa anafuta jasho. "Ora, huko ndani ya dari kuna moto. Niliingiza kichwa nikakitoa. Ni kama tanuri la mikate."

"Ni vizuri," nikasema. "Joto linakausha." Nilisema hivyo, lakini kwa mara ya kwanza sikujiamini.

Halafu baba mdogo akaniita. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba yake na wazee wawili. Hakunikaribisha kiti.

"Mkwe msomi," alisema. "Nimesikia ng'ombe wako wamefika kwa mjane wetu, lakini wanakojoa kitandani."

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akashika ubavu.

"Baba, nitalirekebisha," nikasema.

"Binti yetu yuko hapa. Yuko salama, anakula. Hatuna haraka naye. Wewe ndiye mwenye haraka, au siyo?"

Nilirudi Kisumu nimekaa kiti cha nyuma cha matatu, na sina haja ya kueleza uso wangu ulivyokuwa. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, watu wangu wote wanajua, lakini hapa siongezi: usiku huo niliongea na karatasi ya maelezo. Niliitoa kwenye droo ya duka, nikaja nayo nyumbani, nikaiweka mbele yangu, na sikuweza kuifungua ukurasa wa pili. Niliogopa nitakachokikuta.

Mvua ya mawe ndiyo iliyomaliza. Ilipiga Katito alasiri moja, na upepo ukaja nyuma yake. Vile vigae vya misumari miwili viliinuka kona moja moja, kama mtu anayefunua kurasa, kisha vikaondoka. Mke wangu alinisimulia kwa simu, polepole. Mama alikuwa ameketi kitandani na redio mapajani. Dari ikashuka. Haikumwangukia, ilishuka kando yake, na maji yote yaliyokuwa yamekaa juu yake yakashuka nayo, meusi, na mchanga. Redio ikanyamaza. Wakamtoa, na sasa analala jikoni kwenye mkeka, karibu na kuku.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Hajasema kitu. Anaikausha redio juani."

Ningependelea matusi.

Asubuhi yake nilimwendea mzee mwenye duka, nikamweleza kila kitu isipokuwa nyoka. Alinisikiliza akizungusha kalamu. Akaniambia kuna fundi mmoja tu upande huu wa ziwa anayevijua vigae hivi kwelikweli, ni mwanamke, yuko Bondo, na kama nina akili nimpigie kabla ya kunywa chai. Sikunywa chai.

Alikuja Jumamosi kwa pikipiki, ngazi imefungwa ubavuni, mwanamke mfupi wa makamo, amevaa ovaroli na viatu vya raba. Yeye hakuwa mkwe wa mtu pale. Aliegemeza ngazi akapanda kana kwamba anaingia sokoni. Sisi tulibaki uani: mama mkwe kwenye kiti chake nje ya jikoni, mke wangu amesimama nyuma yake, shemeji, baba mdogo aliyekuja kushuhudia ng'ombe wakihesabiwa, na mimi kwenye ua wangu wa minyaa, mahali pangu pa siku zote.

Alitembea juu huko muda mrefu. Alichungulia chini ya vigae, akagonga, akanusa. Aliposhuka alikuwa na kigae kimoja mkononi, kimejikunja kama jani la tumbaku.

"Nani aliziba matundu ya hewa?" aliuliza.

"Popo walikuwa wanasumbua," alisema mama mkwe.

"Popo wangezuiwa kwa wavu. Paa hili limeokwa kutoka chini miaka miwili. Na misumari ni michache, tena imepigwa juu mno, kama ya mabati." Akakigeuza kigae. "Lakini haya yote ningeweza kuyarekebisha. Kuna jambo lingine. Upande huu wa chumba, nani amelisugua paa?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Aliinua uso akanitazama mimi, mara moja tu, halafu akatazama tena chini. Naye fundi akaiona mikono yake mikubwa, na nikaona anaanza kuelewa vibaya. Baba mdogo naye akaanza kumgeukia mtoto wao wenyewe. Ilikuwa imebaki mimi ninyamaze tu. Ningenyamaza, kosa lingekuwa la nyumba ileile, na ng'ombe wangu wangefufuka.

Nilitoka kwenye ua. Nadhani ni mara ya kwanza tangu iezekwe nilikaribia nyumba ile hatua kumi.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alipanda, lakini mimi ndiye niliyemtuma. Kila Jumamosi."

"Kwa nini?" Aliyeuliza alikuwa mama mkwe. Aliuliza kama anavyouliza mwalimu, bila hasira, anataka jibu.

Nikamwambia. Nilimweleza habari za msukuma mkokoteni, na Nairobi, na nyoka, na ngozi mpya iliyo imara mara mbili. Nilikiri kwamba karatasi ya maelezo ilikuwa na kurasa kumi na mbili na mimi nilisoma moja. Maneno yale yalikuwa matamu dukani. Pale uani, mbele ya yule mama na redio yake iliyofunguliwa kifuniko juani, yalitoka moja moja kama meno. Nilingoja wacheke. Hata baba mdogo hakucheka.

Mama mkwe alimwambia mke wangu, "Mletee mumeo kiti."

Kikaletwa. Mke wangu alikiweka chini akasimama kando yangu, upande wangu, na mkono wake akauweka kwenye egemeo la kiti.

"Jumatatu nitapanda gari la Kisumu pamoja naye," aliwaambia wote. "Mama ataezekewa mabati, na nitayachagua mwenyewe. Na maelezo yake nitayasoma mimi."

"Na ng'ombe?" baba mdogo akauliza.

"Ukweli aliousema leo ndio ng'ombe, na wanatosha," alisema mama mkwe. "Mvua nitaisikia. Niliisikia miaka thelathini sikufa." Kisha akamgeukia fundi, akakunja mikono mapajani. "Sasa mweleze, mama. Taratibu, kama mtoto wa darasa la nne. Mweleze na mimi nisikie, ili siku nyingine mtu asije akatuambia tena habari za nyoka."

Fundi alikiinua kile kigae mbele yetu, akakipitishia kidole gumba. Changarawe chache zilizobaki zikaanguka kwenye vumbi.

"Paa halivui ngozi," alisema. "Huu mchanga ndio unaoikinga lami na jua. Ukiisha, lami inaungua, inakauka, inapasuka. Hakuna kigae kingine chini. Chini kuna karatasi nyeusi, halafu mbao, halafu wewe."